Seti ya ihramu ya Islii: shuka nzuri, mkanda wa wastani, karatasi yenye makosa

Seti hii ndiyo inayoonekana kwa wingi Islii na katika maduka yanayouzunguka Msikiti wa Jamia katikati ya Nairobi. Ni mfuko wa plastiki wenye zipu. Ndani mna shuka mbili nyeupe za taulo, mkanda wa kiunoni, kipande cha sabuni, mkasi mdogo, kijimfuko cha kokoto na karatasi ya kurasa nne yenye maelekezo kwa Kiswahili. Shuka zinafaa. Mkanda unafaa kwa masharti. Sabuni iachwe nyumbani. Lenye tatizo kubwa kuliko yote ni karatasi, na inastahili kutangulizwa, maana kosa lake juu ya neno "ihramu" ndilo linalozaa nusu ya makosa wanayofanya watu wakiwa ndani ya shuka zenyewe.

Karatasi inaeleza kwamba ihramu ni vazi jeupe la hija na umra (hija ndogo), na kwamba jina hilo limetokana na haramu, yaani mambo yaliyokatazwa. La kwanza si kweli. La pili ni nusu ya kweli, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye uzito.

Mzizi wa neno ni herufi tatu za Kiarabu: ha nzito ya kooni, ra na mim. Kiini chake ni kutenga. Kitu kimewekewa mpaka, na mpaka huo hauvukwi ovyo. Kinaweza kutengwa kwa kuwa ni kiovu, na kinaweza kutengwa kwa kuwa ni kitukufu mno kuguswa kama vitu vingine. Kiarabu hakikuona haja ya kutafuta maneno mawili. Neno lile lile linaloharimisha ulevi ndilo linaloutaja msikiti wenye Kaaba: al-Masjid al-Haraam. Eneo zima linalozunguka msikiti huo, ambamo miti haikatwi na wanyama hawawindwi, nalo ni haram, kwa irabu fupi. Heshima isiyovunjwa ya mtu, mahali au wakati huitwa hurma.

Kiswahili kilipokea neno hili kikabaki na upande mmoja. Nyama haramu, mali ya haramu, mwanaharamu, haramia wa baharini: kila mahali ni uovu. Upande wa utukufu tuliyapa maneno ya wenyeji, "tukufu" na "takatifu", hili la pili likiwa na asili ya kutakata. Ndiyo maana hakuna Mswahili anayesema "Msikiti wa Haramu". Husema Msikiti Mtakatifu wa Makka, na akisema vingine atashangaza watu. Masalia ya maana ile ya kwanza ni machache. Lipo neno maharimu, ndugu wa karibu ambaye ndoa naye haiwezekani milele. Mama, dada na shangazi hawakatazwi kwa ubaya; wamewekewa mpaka kwa heshima. Upo pia mwezi wa Muharamu, ambao kwa hesabu ya Waswahili ni Mfunguo Nne. Huo ni mmoja wa miezi minne ambayo vita vilipigwa marufuku, pamoja na Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu na Rajabu.

Msomaji wa karatasi ile hawezi kujua kwamba mzizi wenyewe ni mkongwe kuliko Uislamu. Huko Marib, Yemen, magofu ya hekalu la kale yanaitwa hadi leo Mahram Bilqis, na katika maandishi ya Wasabai, wenyeji wa kale wa huko, neno la herufi m-h-r-m lilimaanisha hekalu. Mesha, mfalme wa Moabu wa karne ya 9 kabla ya Kristo, aliandika kwenye jiwe lake kwamba aliwatoa watu wa mji wa Nebo kwa mungu wake, na kitenzi alichotumia ni cha mzizi huu. Kiebrania kina herem, kitu kilichotolewa kwa Mungu moja kwa moja, ambacho binadamu hana tena haki ya kukigusa. Katika Yoshua sura ya 7 Akani anaangamia kwa kuchukua vitu vya namna hiyo Yeriko: joho la Shinari, shekeli 200 za fedha na kipande cha dhahabu cha shekeli 50. Biblia ya Kiswahili imekiita "kitu kilichowekwa wakfu". Wafasiri walikuwa na sababu nzuri ya kutoandika "haramu": msomaji angedhani dhahabu yenyewe ilikuwa chafu, kumbe ilikuwa imeshapata mwenyewe.

Lililo karibu zaidi na shuka zetu limo katika kamusi kongwe za Kiarabu, chini ya neno harimu. Kabla ya Uislamu, mahujaji wengi waliotoka nje ya Makka waliona nguo walizofanyia madhambi hazifai kuizunguka Kaaba. Asiyepata nguo ya kuazima kwa wenyeji alizunguka uchi. Nguo aliyoivua ilitupwa pale pale, haivaliwi tena, inakanyagwa hadi inachakaa. Nguo hiyo iliitwa harimu. Mwaka wa 9 Hijria, katika hija iliyoongozwa na Abu Bakr, ilitangazwa kwamba hakuna atakayeizunguka Nyumba akiwa uchi tena. Neno hilo hilo, harimu, linatumika katika sheria kwa eneo la kuzunguka kisima ambalo mtu mwingine haruhusiwi kuchimba lake, maji yasije yakaibwa chini kwa chini. Ukishaijua harimu ya kisima, umeuelewa mzizi kuliko kwa orodha yoyote ya makatazo.

Sasa turudi kwenye ihramu. Kiarabu kina umbo la kitenzi linaloweza kumaanisha kuingia: asbaha, kuingia asubuhi, anjada, kuingia nchi ya Najd, na ahrama, kuingia katika eneo au hali yenye hurma. Ihramu ni jina la kitendo hicho cha kuingia. Shuka zimeazima jina kwa hali, na hali haivaliwi. Inaanza kwa nia, na talbiya, yaani wito wa "Labbayka", huifuata.

Hilo lina matokeo ya moja kwa moja kwa anayenunua seti. Anaweza kuvaa shuka nyumbani kwake South C alfajiri, akala, akajipaka manukato mwilini, akakata kucha, na asiwe amevunja chochote, kwa sababu bado hajanuia. Akishanuia, anaweza kuvua shuka iliyochafuka, akaoga, akavaa nyingine safi. Karatasi inaonya kwamba shuka "zisivuliwe mpaka amali zikamilike". Onyo hilo ni la kupuuzwa. Limewafanya watu wakae siku tatu na shuka iliyoloa jasho wakitokwa na vipele bila sababu. Kinyume chake nacho ni kosa: anayechoka akavua shuka na kuvaa kanzu hajatoka katika ihramu. Bado yumo, na sasa ana fidia juu yake, ambayo ni kufunga siku tatu, au kulisha maskini sita, au kuchinja mbuzi. Yule hujaji aliyeangushwa na mnyama wake pale Arafa akafa, Mtume aliamuru akafiniwe katika nguo zake mbili zile zile, asitiwe manukato wala kufunikwa kichwa, kwa kuwa atafufuliwa akitamka talbiya. Hata mauti hayakuitoa hali ile.

Kwa hiyo seti huhukumiwa kwa swali moja: je, inamsaidia mtu kubaki ndani ya hali hiyo bila kuivunja?

Tuanze na shuka. Lebo inasema sentimita 110 kwa 220. Kila shuka basi ni mita 2.42 za mraba, na zote mbili ni 4.84. Seti nzito inayouzwa zaidi ina kilo 1.5 za shuka, na ukigawanya gramu 1,500 kwa 4.84 unapata karibu gramu 310 kwa mita ya mraba. Hicho ni kiwango kizuri kwa taulo. Hesabu hii ifanyike dukani: omba mzani mdogo wa kupimia mizigo, wenye maduka wengi wanao. Chini ya gramu 200 shuka ya taulo huanza kuonyesha mwili, hasa ikilowa. Ikipita 400, zote mbili zinakaribia kilo 2 zikiwa kavu, na taulo la namna hiyo likishanywa jasho linakuwa mzigo mabegani. Baridi ya Nairobi ya Julai hudanganya sana hapa. Shuka nene inayopendeza ukiishika Islii asubuhi ni ile ile utakayotembea nayo Makka, ambako tarehe 17 Juni 2024 joto la 51.8°C lilipimwa kwenye Msikiti Mtakatifu.

Ni pamba kweli? Muuzaji ataapa, "Sheikh, hii ni pamba tupu." Pima mwenyewe kwa njia tatu. Dondosha tone la maji: pamba hulinywa, nailoni na poliesta huliacha likiteleza kwa muda. Hapo tahadhari moja: taulo jipya lenye dawa za kiwandani linaweza kukataa maji hata kama ni pamba, hivyo jibu la hapana si la mwisho. Chomoa uzi mmoja pembeni, toka nje, uuchome. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini la kijivu, poliesta huyeyuka na kuganda kama shanga ngumu. Mwisho, pangusa shuka kwa kitambaa cheusi, hata ncha ya buibui. Vinyweleo vikijaa, vitajaa pia kwenye ndevu na kwenye jasho la shingo. Seti hii ilifaulu jaribio la uzi, ila kwa vinyweleo ilikuwa mbaya kabla ya kufuliwa na nafuu baada ya kufuliwa mara mbili.

Poliesta laini si haramu kuvaa, na ni nyepesi begini. Ubaya wake ni kuteleza. Mkunjo wa kiunoni haushiki, na mtu anayejishika shuka kila hatua kumi hatatawafu, yaani hataizunguka Kaaba, kwa utulivu.

Urefu ndio unaowaangusha wanene. Pima nyonga zako kwa tepu ya fundi kisha uzidishe mara mbili. Shuka ya chini isipungue hapo. Mwenye nyonga za sentimita 100 anatosheka na 220. Mwenye 115 na zaidi atafute ya 250, la sivyo paja litaonekana anapopanda ngazi. Toa pia asilimia 5 ya kusinyaa kwa pamba: 220 inabaki 209.

Fua mara mbili kabla ya safari kwa sabuni ya kipande isiyo na harufu. Usitumie sabuni ya unga yenye manukato wala dawa ya kulainisha nguo. Inaacha harufu, na pia inaweka utando unaozuia pamba kunywa maji. Anika, usipige pasi.

Kuhusu mshono, karatasi inasema shuka iliyopindwa pembeni haifai, na kuna wanaokata pindo kwa wembe kwa kuamini hivyo. Wasifanye. Kinachokatazwa kwa mwanamume ni nguo iliyotengenezwa kufuata umbo la mwili au kiungo: shati, suruali, kofia, soksi. Uzi wenyewe hauna kosa. Shuka yenye pindo, hata yenye kiraka, inafaa. Na fulana iliyofumwa bila mshono hata mmoja haifai. Shuka iliyokatwa pindo itafumuka kwenye ufuaji wa kwanza. Kwa sababu hiyo hiyo jihadhari na ile ihramu ya lastiki inayouzwa pembeni ya seti hii, shuka ya chini iliyoshonwa duara kama sketi. Wako wanazuoni wa sasa walioiruhusu na wako walioikataa. Kitu kinachoacha shaka hakina sababu ya kununuliwa wakati shuka ya kawaida inafanya kazi ile ile.

Namna ya kuvaa karatasi imeieleza vizuri, ila picha zake ni ndogo. Panua miguu kama upana wa mabega kabla ya kuzungusha, usije ukafungwa hatua. Shuka ianzie juu ya kitovu na kushuka chini ya magoti hadi katikati ya muundi. Zungusha, kisha kunja ukingo wa juu kwa nje mara tatu au nne, kila mkunjo sentimita 5, halafu funga mkanda juu yake. Ya juu hutandazwa mabegani. Kuacha bega la kulia wazi ni kwa tawafu ya umra au ya kuwasili tu. Wengi hubaki hivyo tangu uwanja wa ndege, wakaswali hivyo, wakarudi na bega lililoungua. Pini za kufungia shuka ya juu zimo kwenye baadhi ya mifuko. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Kenya, shuka ya chini unaweza kuifunga fundo na mkanda, lakini ya juu haifungwi wala haibanwi kwa pini. Ziache.

Mkanda una mifuko miwili ya zipu. Mkubwa unapitisha pasipoti, ambayo ni sentimita 12.5 kwa 8.8, lakini kwa kubana. Pima mdomo wa zipu, usikubali chini ya 13. Kifungio ni cha plastiki nyembamba, na ndicho kitakachovunjika kwanza katika msukumano. Mwambie fundi akibadilishe kwa chenye bizimu ya chuma. Mkanda kuwa na mshono si tatizo, kwa maelezo yale yale ya juu.

Kosa kubwa la mtengenezaji ni sabuni. Kwenye kifungashio imeandikwa haina harufu, na ukiifungua inanukia waridi. Manukato baada ya nia ni katika vilivyokatazwa wazi, na kumpa mtu sabuni hiyo ndani ya mfuko wenye jina la ihramu ni kumtega. Badala yake beba kipande cha kawaida kisicho na harufu na kopo dogo la mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Mafuta hayo ni muhimu kuliko sabuni: hakuna nguo ya ndani, mapaja yanasuguana kwa kilomita kadhaa, na michubuko ndiyo inayolemaza watu kuliko uchovu. Pakaa kabla ya kuanza kutembea, usingoje kidonda.

Kijimfuko cha kokoto kinatosha. Kwa kupiga nguzo za Mina utahitaji 49, au 70 ukikaa huko siku ya tatu, kila moja kama punje ya dengu kubwa. Mkasi ni mzuri, lakini uingie kwenye begi la chini ya ndege, ukiwa mkononi utachukuliwa.

Shuka zenyewe ziende kinyume cha mkasi. Zisiwekwe kamwe kwenye begi la chini. Kutoka Nairobi hadi Jeddah ni takriban kilomita 2,500, na anayekwenda moja kwa moja kwa umra au hija anatakiwa awe amenuia kabla ya kuvuka mikati, mpaka wa kuingilia ihramu, angani. Begi lake litamfikia akiwa ameshapita. Salama zaidi ni kuvaa nyumbani au uwanjani, kukaa kawaida, na kunuia rubani anapotangaza. Baada ya hapo kataa kile kitaulo cha moto cha ndege, mara nyingi kina manukato, na usitumie sabuni ya choo chake. Anayeanzia Madina hana haja ya haya. Atavaa Dhul-Hulayfa, nje kidogo ya mji. Na akifika Makka akumbuke kuwa kuta za Kaaba hupakwa manukato, hivyo kuishika akiwa bado katika ihramu kunamwachia harufu mikononi.

Kuna pia toleo la kike la seti hii, gauni jeupe, mtandio na mikono ya kuvaa, kwa bei ya juu. Mwanamke hana sare ya ihramu. Nguo zake za kawaida za stara, za rangi yoyote, zinatosha, mradi asivae nikabu wala glavu. Anayeambiwa dukani kwamba bila gauni lile umra yake haitaswihi, ameambiwa uongo.

Wauzaji kadhaa hukubali kuuza shuka peke yake bila mfuko. Nunua hivyo, jozi mbili za gramu kati ya 250 na 310 kwa mita ya mraba, moja ya kuvaa na moja ya kukauka. Mkanda utafute kando, na ile karatasi mwachie mwenye duka ukimweleza kwa adabu ni mistari ipi ya kurekebisha kabla hajachapisha nyingine.